Fuata mchele: namna ya kuanza kujifunza historia ya samurai

Weka upanga kando kwanza. Najua ndio uliokuvutia, kama unavyowavutia karibu vijana wote wanaojiunga na kikundi chetu cha kusoma historia hapa Kisumu siku za Jumamosi. Wametazama katuni za Kijapani kwenye simu, wamecheza gemu kwenye saiba, na wanafika na majina ya mapanga tele mdomoni. Hamu hiyo naipenda na sitaki kuizima. Ila swali la kwanza ninalowauliza ni hili: huyo samurai wako, mpiganaji wa Japani ya kale, alikula nini, na chakula hicho kilitoka shamba la nani?

Nauliza hivyo kwa sababu mimi ni karani wa kinu cha mpunga huko Ahero. Kutwa nzima napima magunia, naandika risiti, nasikiliza mkulima na dalali wakivutana juu ya kilo mbili. Nilipoanza kusoma habari za Japani ya kale nilikuta kwamba mambo ninayoyaandika daftarini kila siku ndiyo yaliyoendesha maisha ya samurai kwa karibu miaka 700: shamba ni la nani, limetoa magunia mangapi, na nani anachukua fungu gani. Ukilishika hilo, vita na majina na sherehe, na hata upanga wenyewe, utaona vinakaa mahali pake.

Basi nitakuonyesha njia ninayowapitisha wanaoanza. Huhitaji kujua Kijapani. Unahitaji simu yenye bando kidogo, daftari na kalamu.

Ijue koku kabla ya kumjua mtu yeyote

Koku ni kipimo cha mchele. Ni yapata lita 180, ambazo zikiwekwa kwenye mizani ni kama kilo 150. Wajapani walihesabu kwamba kiasi hicho kinamtosha mtu mzima mmoja kwa mwaka. Kwa gorogoro, lile bati la kupimia kilo mbili la akina mama wa sokoni Kibuye, koku moja ni kama gorogoro 75. Koku inagawanyika kuwa go 1,000, na go moja ni mililita 180. Kama nyumbani mna sufuria ya umeme ya kupikia wali, angalia kile kikombe cha plastiki kilichokuja nayo: aghalabu ni mililita 180. Hiyo ndiyo go, na bado inatumika.

Sasa tazama ukubwa wa mambo. Katika enzi ya utawala wa ukoo wa Tokugawa, iliyoanza mwaka 1603, bwana wa eneo aliitwa daimyo ikiwa eneo lake lilikadiriwa kutoa angalau koku 10,000. Ukoo wa Maeda wa Kaga ulikuwa na zaidi ya koku milioni moja, mkubwa kuliko ukoo mwingine wowote ukiacha watawala wenyewe. Cheo, idadi ya askari ambao bwana alipaswa kuwatoa, hata ukubwa wa msafara wake barabarani, vyote vilifuata hesabu hiyo.

Hapa pana mtego ambao mwanzoni huwanasa wengi. Koku zinazotajwa ni makadirio ya mavuno ya shamba. Kilichofika ghalani kwa bwana ni kingine. Mkulima alitozwa sehemu, mara nyingi karibu asilimia 40, pengine hata nusu. Kwa hiyo ukisoma kwamba samurai fulani alikuwa wa koku 100, mhesabie kama koku 40 mkononi, na humo ndimo alimolisha mke, watoto, wazazi wake na mtumishi. Fanya hesabu hii mwenyewe: koku 40 ni kama gorogoro 3,000. Zidisha kwa bei ya gorogoro ya mchele sokoni kwenu wiki hii. Utapata mtu mwenye kuheshimika, lakini si tajiri, na walio wengi walikuwa chini yake sana.

Huku mkulima aliyeulima mpunga huo mara nyingi hakuula. Alipika shayiri na nafaka nyingine ndogo, mchele ukaenda kwa kodi. Watu wa Kano, huku kwetu Ahero, wanaouza mpunga wao wote kisha wananunua unga wa mahindi watalielewa hili bila maelezo.

Piga mistari daftarini

Chora safu nne: mwaka, jina, alilipwa nini, na malipo yalitoka kwa nani. Kila samurai utakayemsoma, mjazie safu hizo kabla ya kuandika alipigana na nani. Ukishindwa kujaza safu ya tatu na ya nne, ujue bado humjui huyo mtu, umesimuliwa tu.

Kuhusu majina: jina la ukoo hutangulia. Katika Oda Nobunaga, Oda ni ukoo. Koo za zamani zinawekewa “no” katikati, kama Minamoto no Yoritomo, yaani Yoritomo wa ukoo wa Minamoto. Irabu zisome kama unavyosoma Kiswahili, a-e-i-o-u, na utakuwa karibu sana na matamshi yenyewe. Hiyo ni bahati yetu, itumie. Soma majina kwa sauti hadi ulimi uyazoee.

Mwanzo: shamba kwa utumishi

Usianzie mbali mno. Inatosha kujua kwamba katika karne ya 10 na ya 11 watu wakubwa wa mji mkuu, Kyoto, walimiliki mashamba makubwa mikoani ambayo hawakuyakanyaga. Walihitaji watu wa huko wenye farasi na silaha wayalinde na wakusanye mapato. Walinzi hao ndio waliokua wakawa tabaka la samurai. Silaha yao ya heshima ilikuwa upinde, wakiwa juu ya farasi. Maisha ya shujaa wakati huo yaliitwa njia ya upinde na farasi. Upanga ulikuwepo, lakini haukuwa mbele.

Kisha andika 1180 hadi 1185: vita kati ya koo mbili, Taira na Minamoto, vilivyomalizikia baharini Dan-no-ura. Mshindi, Minamoto no Yoritomo, alipata kibali cha kuweka watu wake kuwa wasimamizi wa mashamba, walioitwa jito, kila mmoja na fungu lake la mavuno. Mwaka 1192 akapewa cheo cha shoguni, yaani mkuu wa majeshi, akatawala kutoka Kamakura, mbali na mfalme. Wasomaji wengi wanakariri 1192. Mimi nasisitiza 1185, kwa sababu hapo ndipo samurai alipopata haki ya kudumu juu ya mavuno kutoka kwa samurai mwenzake.

Kaa sana na Takezaki Suenaga

Ukiwa na muda wa mtu mmoja tu, mchague huyu. Hakuwa mkubwa. Alitoka mkoa wa Higo, kisiwa cha Kyushu, na kwa sababu ya kesi ya ardhi hakuwa na shamba. Mwaka 1274 Wamongolia walivuka bahari kutoka Korea wakashuka ghuba ya Hakata. Suenaga akakimbilia mbele na wapanda farasi wachache, akishindana na wenzake awe wa kwanza kushambulia, maana wa kwanza alistahili zawadi. Farasi wake akapigwa, naye akajeruhiwa. Akapona.

Zawadi haikuja. Mwaka uliofuata akauza farasi na matandiko ili apate nauli, akasafiri hadi Kamakura, safari ndefu ya kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine. Ndugu zake hawakumsaidia. Alipofika, maofisa wadogo hawakutaka kumsikiliza mtu aliyekuja bila wafuasi. Mwishowe akafika mbele ya Adachi Yasumori, ofisa aliyeshughulikia zawadi, akamweleza: nilikuwa wa kwanza, waulizeni waliokuwepo. Akarudi nyumbani na usimamizi wa shamba pamoja na farasi.

Haya tunayajua kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza yachorwe. Michoro hiyo, kwenye karatasi ndefu za kukunja, ilitengenezwa miaka ya 1290 na ipo mpaka leo Japani, katika jumba la makumbusho la hazina za kifalme. Imepigwa picha, na chuo cha Bowdoin cha Marekani kimeiweka mtandaoni ukiweza kuivuta polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Tafuta sehemu ambayo farasi wa Suenaga anatupa miguu huku damu ikimtoka na kombora limepasuka hewani karibu naye. Kisha usiishie hapo kama wafanyavyo wengi. Endelea kuvuta hadi umwone amekaa ndani, kwa adabu, mbele ya ofisa, akidai haki yake. Vijana wangu hupenda ya kwanza. Mimi naona ya pili inaeleza zaidi samurai alikuwa mtu gani.

Sasa jiulize: kwa nini ilikuwa vigumu kumlipa? Katika vita vya kawaida mshindi hunyang'anya shamba la aliyeshindwa akawagawia watu wake. Wamongolia walirudi tena mwaka 1281, wakashindwa tena, lakini hawakuacha hata jaruba moja la kugawa. Walinzi wa pwani walibaki na madeni na serikali ikabaki na malalamiko. Hilo ni moja ya mambo yaliyoidhoofisha Kamakura, nayo ikaanguka mwaka 1333.

Pita haraka hapa

Enzi ya mashoguni wa ukoo wa Ashikaga ina mambo mazuri: sherehe ya chai, bustani, tamthilia ya noh. Rudi huko baadaye. Kwa sasa andika 1467, vita vya Onin vilipoanza na kuichoma Kyoto kwa miaka kumi, kisha uandike kwamba kwa zaidi ya karne moja kila bwana alijitwalia alichoweza. Andika pia 1543, Wareno walipofikisha bunduki kisiwani Tanegashima. Baada ya miaka 32 tu, kule Nagashino, bwana wa vita Oda Nobunaga aliwapanga watu wa bunduki nyuma ya uzio wa mbao na kuwavunja wapanda farasi wa ukoo wa Takeda. Anayekuambia samurai walidharau bunduki hajasoma mwaka 1575.

Swali la Yasuke

Hili litakujia, na lina haki ya kuja. Kijana mmoja wa kikundi chetu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliniuliza kwa sauti iliyojaa tumaini: “Mama, huyu Yasuke alikuwa mtu wetu?”

Nilimjibu kwa yale yaliyoandikwa. Yasuke alikuwa Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 pamoja na Alessandro Valignano, mkubwa wa wamisionari Wakatoliki wa shirika la Wajesuiti. Mwaka 1581 alipelekwa Kyoto, watu wakasongamana kumtazama, na Nobunaga akaamuru aoshwe kifua apate kuamini kwamba hiyo ndiyo rangi yake. Kisha akamchukua. Mwandishi mmoja Mjesuiti, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, alimtaja kuwa mtu wa Msumbiji.

Je, alikuwa samurai? Rudi kwenye safu ya tatu. Nakala moja ya kumbukumbu za maisha ya Nobunaga inasema Yasuke alipewa posho, nyumba na upanga mfupi. Posho ya namna hiyo ndiyo iliyomfunga mtumishi kwa bwana wake, na ndiyo maana wapo wanaomhesabu kuwa samurai. Wengine wanabisha kwamba hakuachiwa ardhi wala jina la ukoo. Wote wanasoma mistari ileile michache. Mwezi Juni 1582 Nobunaga alisalitiwa na Akechi Mitsuhide katika hekalu la Honno-ji, akajiua. Yasuke alikwenda kupigana upande wa mwana wa Nobunaga, akatoa upanga wake, akarudishwa kwa Wajesuiti. Hapo kumbukumbu zinakoma. Ukikuta video inayokusimulia uzee wake, ifunge.

Ninamheshimu Yasuke na nafurahi vijana wetu wakimtafuta. Kumheshimu ni kumwacha na yaliyo yake bila kumpachika yasiyokuwa yake.

Kikasha cha kupimia

Aliyemfuata Nobunaga ni Toyotomi Hideyoshi, na kwangu mimi huyu ndiye kiini cha hadithi yote. Mwana wa mtu wa hali ya chini, aliyepanda hadi kuitawala nchi, na alipoishika akafanya jambo ambalo filamu hazilionyeshi: alipima. Kuanzia mwaka 1582 watu wake walizunguka mkoa baada ya mkoa wakipima kila shamba, kuandika daraja lake, makadirio ya mavuno yake, na jina la anayelilima.

Kabla ya hapo vikasha vya kupimia mchele vilitofautiana mahali na mahali. Hideyoshi akaamuru kitumike kimoja, cha Kyoto. Anayefikiri hilo ni dogo hajawahi kununua nafaka kwa gorogoro iliyogongwa kitako kikaingia ndani. Kwa macho bati ni lilelile. Ukirudi nyumbani ukapima upya, umepungukiwa viganja viwili. Bwana anayepokea kwa kikasha kikubwa na kulipa kwa kidogo hutajirika bila kuinua upanga. Aliyekishika kipimo ameishika nchi, na Hideyoshi alilijua.

Mwaka 1588 aliagiza wakulima wanyang'anywe silaha. Mwaka 1591 akapiga marufuku watu kuhama tabaka, mwanajeshi kuwa mkulima au mkulima kuwa mfanyabiashara. Weka alama nyekundu hapo. Kabla ya miaka hiyo mtu angeweza kulima masika na kupigana kiangazi. Baada yake samurai alihamishwa mjini, chini ya ngome ya bwana wake, akalipwa mchele uliolimwa na watu asiowajua.

Ukitaka filamu moja ya kukusaidia kuona hali ilivyokuwa kabla mlango huo haujafungwa, tafuta ile ya Kurosawa Akira ya mwaka 1954 kuhusu samurai saba. Ujira wao ni wali; wanakijiji wanaowapikia wanakula nafaka duni. Mwangalie anayekula nini katika kila tendo.

Amani ya muda mrefu, na madeni

Mwaka 1600 Tokugawa Ieyasu alishinda Sekigahara. 1603 akawa shoguni. 1615 akamaliza wapinzani Osaka. Kuanzia hapo, ukiacha uasi wa Shimabara wa 1637 na 1638, nchi ilikaa zaidi ya miaka 200 bila vita vikubwa. Samurai na familia zao walikuwa kama asilimia 6 ya watu wote, na kazi zao zikawa za ofisi: kusimamia maghala, kesi, mito, kodi. Mimi karani nawaona wenzangu.

Tangu 1635 daimyo walilazimishwa kuishi kwa zamu Edo, mji unaoitwa Tokyo leo, na kuacha wake na warithi wao huko wakati wote. Nyumba mbili, msafara wa mamia ya watu barabarani. Gharama hizo zililipwa kwa fedha, ilhali mapato yalikuwa mchele. Kwa hiyo mchele uliuzwa, na waliouza na kununua, wafanyabiashara wa Osaka, wakanenepa. Soko la mchele la Dojima, lililotambuliwa rasmi na shoguni Yoshimune mwaka 1730, lilifanya biashara ya mikataba ya mchele wa baadaye mapema kuliko masoko mengi ya dunia. Huko Edo, samurai wa shoguni walilipwa mara tatu kwa mwaka kwenye maghala ya Asakusa. Madalali waliowachukulia mchele na kuwauzia walianza pia kuwakopesha, dhamana ikiwa mchele wa msimu ujao, kisha wa msimu unaofuata huo.

Hilo ni deni ninalolifahamu. Naliona kila mwaka kwa mkulima aliyekula mpunga ukiwa bado shambani. Na bei nayo ilimchapa samurai: mashamba yalipoongezeka mchele ukawa mwingi, bei yake ikashuka, huku mafuta, nguo na mbao vikipanda. Mtu anayelipwa mchele akawa maskini katika mwaka wa neema. Wengi walibandika karatasi kwenye miavuli usiku ili waongeze kipato. Mwaka 1789 serikali ilifuta sehemu kubwa ya madeni yao kwa amri, madalali wakagoma kukopesha, na shida ikarudi palepale.

Msome hapa Oshio Heihachiro. Alikuwa samurai, ofisa wa zamani wa polisi Osaka, na msomi. Njaa ilipoikumba nchi miaka ya 1830, mchele wa Osaka ukaendelea kupelekwa Edo na matajiri wakafunga maghala. Oshio aliuza vitabu vyake vyote awape wenye njaa, kisha mwaka 1837 akawaongoza wafuasi na wanavijiji kushambulia nyumba za wafanyabiashara. Uasi ulizimwa siku hiyohiyo, ingawa sehemu kubwa ya mji iliungua. Baada ya majuma kadhaa alizingirwa mafichoni akajiua. Kwangu mimi huyu anastahili kujulikana kuliko wapiganaji wengi wenye sanamu.

Tahadhari chache

Habari za bushido, yaani njia ya samurai, utazikuta kila mahali, zikielezwa kama sheria moja ya kale ambayo samurai wote waliifuata. Angalia tarehe za waliosema. Yamamoto Tsunetomo, ambaye maneno yake juu ya samurai na kifo yananukuliwa sana, alizaliwa mwaka 1659 na hakupigana vita hata kimoja. Mawazo yake yaliandikwa kati ya 1709 na 1716, akiwa mtawa. Kitabu kilichoifanya bushido ijulikane duniani ni cha Nitobe Inazo, kilichotoka mwaka 1900 kwa Kiingereza, samurai wakiwa wameshafutwa. Wasome wote wawili, wana mengi mazuri. Ila usiwapeleke wakasimame karne ya 12.

Karate ilitoka Okinawa, uliokuwa ufalme wa Ryukyu, na ikaingia visiwa vikuu vya Japani miaka ya 1920. Kama unafanya mazoezi ya karate huko Nakuru au Kakamega, ni jambo zuri na lina historia yake. Si mafunzo ya samurai. Upanga wa samurai nao una uzito wa kilo moja na kidogo tu, kwa hiyo achana na habari za upanga mzito wa ajabu.

Usiwapite wanawake. Hojo Masako, mjane wa Yoritomo, aliishikilia Kamakura baada ya mumewe kufa. Mwaka 1221 mfalme mstaafu alipoinuka dhidi yake, yeye ndiye aliyewakumbusha mashujaa juu ya wema wa Yoritomo, wakabaki upande wake. Wema huo, tena, ulikuwa ardhi.

Namna walivyokwisha

Meli za Marekani zilifika mwaka 1853. Mwaka 1868 utawala wa Tokugawa ukaanguka, na waliouangusha walikuwa samurai wenyewe, wengi wao wa ngazi za chini kutoka maeneo ya Satsuma na Choshu. Halafu fuata mchele ukitoweka. 1871: maeneo ya daimyo yanafutwa. 1873: jeshi la wananchi wote linaanzishwa, na kodi ya ardhi inaanza kulipwa kwa fedha kulingana na thamani ya shamba. 1876: posho za samurai zinageuzwa kwa lazima kuwa hati za dhamana za serikali, na mwaka huohuo wanakatazwa kubeba mapanga hadharani. Watu hukumbuka marufuku ya upanga. Mimi nawaambia wapigie mstari hati za dhamana. Mwaka 1877 Saigo Takamori wa Satsuma aliongoza uasi wa mwisho, akafia Shiroyama tarehe 24 Septemba, mbele ya jeshi lililojaa watoto wa wakulima.

Pa kupata vitu vya kusoma

Kwa picha za mavazi ya chuma na mapanga, jumba la makumbusho la Metropolitan la New York na lile la taifa la Tokyo yana maelfu ya picha bila malipo. Soma maelezo chini ya picha: karne, mkoa, ilikuwa mali ya nani. Maktaba ya umma hapa Kisumu ina rafu za historia ya dunia. Anzia kwenye faharasa mwisho wa kitabu, tafuta Japani, soma kurasa hizo tu. Ubalozi wa Japani mjini Nairobi una kituo cha habari na utamaduni, na ukipita huko kwa safari nyingine inafaa kuingia kuuliza. Video zitazame mwisho, ukiwa tayari na daftari lako, uzipime kwalo.

Ukishamaliza mzunguko huu wa kwanza, usirudie habari za nchi nzima. Chagua eneo moja ulifuate kutoka 1600 hadi 1871. Kikundi chetu sasa kinafuata Aizu, eneo la milimani kaskazini lililokuwa na koku 230,000. Lilisimama na Tokugawa mwaka 1868 likashindwa; huko ndiko Nakano Takeko, mwanamke wa miaka 21 aliyepigana kwa silaha ndefu ya naginata, alikopigwa risasi kifuani akafa. Baada ya kushindwa, watu wa Aizu walihamishiwa Tonami, ncha ya kaskazini ya kisiwa kikuu cha Honshu, pahali pa baridi na udongo duni. Kwenye karatasi walipewa koku 30,000. Shamba lenyewe lilitoa sehemu ndogo tu ya hizo, na wengi walilala njaa majira ya baridi. Jumamosi hii tunagawa koku za karatasi kwa watu waliohama, kisha tunagawa zile za kweli, kila mtu kwenye daftari lake.